Kwa nini ziwa moja lina chumvi, lingine lina gazi? Jibu liko mu maji ya chini ya ardhi

Ku Katwe, ng'ambo ya mupaka wa Uganda, upande wa kuelekea Kasindi, watu wanavuna chumvi ndani ya ziwa. Wanaingia mu maji hadi kiunoni, wanavunja mabamba ya chumvi yaliyoganda chini, kiisha wanayavuta hadi ku kivuko. Mita mia chache tu kutoka pale, nyuma ya ukingo mwembamba wa udongo na majiwe, kuna ziwa Edouard, lile ambamo wavuvi wa Vitshumbi na Kyavinyonge wanatega nyavu zao. Kule maji hayana chumvi kali na samaki wanaishi.

Mvua inayonyesha juu ya maziwa haya mawili ni moja. Jua ni lile lile. Basi nani alitia chumvi mu Katwe, kiisha akasahau Edouard?

Swali hili linahusu pia wakaaji wa Goma, Sake, Minova, Kalehe na Bukavu, kwa sababu jibu lake ndilo linaeleza gazi iliyojaa chini ya ziwa Kivu, na mazuku inayoua mifugo na watu kandokando ya barabara ya Goma kwenda Sake. Jibu lenyewe ni fupi: mu inchi ya volkano, yale maji ambayo hatuyaoni, yanayotembea chini ya ardhi, ndiyo mara nyingi yanaamua kile kilichomo mu ziwa.

Mvua inapoingia mu jiwe

Mutu aliyezoea muji wa Goma anajua jambo moja: mvua inaweza kunyesha kwa nguvu, lakini hakuna muto unaokatiza muji. Maji yanaenda wapi? Yanazama. Majiwe ya volkano yamejaa mipasuko na matundu, na maji yanashuka ndani yake sawa vile yanapita mu kapu. Chini kule yanakusanyika, yanatembea polepole kufuata mteremko, na mwisho yanatokea mahali fulani. Mara yanatoka sawa chemchem ku kando ya ziwa, mara yanatokea ndani ya ziwa lenyewe, mahali ambapo jicho la mutu halifiki.

Mu safari hiyo maji yanabadilika. Maji ya mvua yanapopita mu udongo yanabeba gazi karboniki, ile gazi tunayoitoa tunapopumua. Gazi hiyo inayafanya maji kuwa na ukali kidogo, sawa tone la ndimu. Maji yenye ukali yanakula jiwe. Kutoka mu jiwe la volkano yanachukua sodiamu, potasiamu, magneziamu, kalsiamu, silika na fluori.

Mama yeyote aliyewahi kupika na maji ya majivu anaelewa hii kazi. Anachoma maganda ya ndizi, anaweka majivu mu chombo chenye matundu, anamimina maji juu, na yale yanayotonyeka chini yana ladha ya chumvi. Maji yaliingia masafi, yakatoka na kitu. Mulima wa volkano ni chombo kile kile, ila ni kikubwa, na maji yanaweza kukaa ndani yake miaka mingi sana mbele ya kutoka. Kadiri yanavyokaa, na kadiri jiwe linavyokuwa la moto, ndivyo yanavyobeba vitu vingi.

Kuna kitu cha pili. Chini zaidi kuna magma, lile jiwe lililoyeyuka. Magma inatoa gazi: mvuke wa maji, karboniki, gazi za salfa na za klorini. Gazi hizi zinapopanda, zinakutana na maji ya chini ya ardhi. Hapo maji yanafanya kazi ya chujio. Gazi za salfa na klorini zinayeyuka haraka mu maji, na sehemu yake kubwa inabaki kule chini, imeshikwa na maji na majiwe. Karboniki inashikika kwa shida zaidi, kwa hiyo ndiyo inaendelea kupanda na kufika juu.

Pale ambapo maji ya chini ni machache na gazi ni nyingi, chujio linashindwa. Ndivyo ilivyo ku Kawah Ijen, mu inchi ya Indonesia, ambako ziwa la ndani ya kreta lina asidi kali sawa ile ya batiri ya gari. Pale ambapo maji ya chini ni mengi, ziwa linaweza kuwa zuri kwa macho, bila harufu yoyote, na huku limebeba karboniki tele.

Katwe: maji yanaingia, hayatoki

Turudi ku Katwe. Ziwa lile limekaa ndani ya kreta ya volkano iliyolipuka zamani. Chemchem zinatoka mu kuta za kreta na chini yake, zikileta maji ambayo yamekwisha kula majiwe ya volkano. Lakini kreta imefunga pande zote. Hakuna muto unaotoka. Njia moja tu ya maji kuondoka ni jua: yanageuka mvuke na kupanda.

Mvuke haubebi chumvi. Basi chumvi inabaki. Kila siku chemchem zinaongeza kidogo, kila siku jua linaondoa maji peke yake. Baada ya karne nyingi, ziwa linakuwa sawa chungu kilichosahauliwa juu ya moto: supu inakauka, chumvi inabaki chini. Mu chungu kile kuna chumvi ya kupikia, kuna magadi, na kuna chumvi za salfa, zote pamoja. Ukali wake si wa mchezo. Mu miaka ya 1980 kiwanda cha kisasa kilichojengwa pale kwa ajili ya kusafisha chumvi kilisimama mapema, kwa sababu maji yale yalikula mabomba ya chuma. Watu wakaendelea na kazi ya mikono, sawa wazee wao walivyofanya.

Ziwa Edouard nalo linapokea chumvi kutoka mu majiwe ya volkano, lakini linapokea pia mito mikubwa, na lina mulango wa kutokea: muto Semliki, unaopeleka maji hadi ziwa Albert. Chumvi inaingia, chumvi inatoka. Haipati nafasi ya kurundikana.

Tena, kreta si lazima iwe na chumvi. Karibu na Fort Portal, mu inchi ile ile ya Uganda, kuna maziwa mengi ya kreta, na kati yao yapo yenye maji baridi yasiyo na chumvi, sawa ziwa Nkuruba. Pale mvua ni nyingi kuliko mu bonde la Katwe, na maji yanaweza kupenya mu kuta za kreta na kutoka upande mwingine. Kreta inayopitisha maji inajisafisha yenyewe. Kreta inayoyafunga inakusanya.

Nyos: chemchem iliyoleta kifo

Maji ya chini yanaweza kuleta kitu kingine zaidi ya chumvi. Mu inchi ya Cameroun, upande wa kaskazini-magharibi, kuna ziwa la kreta linaloitwa Nyos. Linashuka hadi mita zipatazo 208. Chini yake kunaingia maji ya ardhi yaliyobeba karboniki kutoka ndani kabisa ya dunia.

Kwa nini gazi ile haikutoka tu na kupotea hewani? Kwa sababu ya uzito wa maji. Kila mita 10 unaposhuka, mgandamizo unaongezeka kwa kiasi sawa na kile cha hewa yote iliyo juu yetu. Ku mita 200, maji yanaweza kushika karboniki karibu mara ishirini zaidi kuliko juu. Ni sawa chupa ya sukre iliyofungwa: gazi imo ndani, lakini hauoni hata pofu moja. Ongeza jambo hili: maji yenye karboniki na chumvi ni mazito, kwa hiyo yanalala chini, hayachanganyiki na yale ya juu. Ziwa linakuwa na matabaka, na kifuniko cha chupa kinabaki kimefungwa.

Tarehe 21 Agosti 1986, usiku, kifuniko kilifunguka. Maji ya chini yalipanda, gazi ikaanza kutoka, na ilivyotoka ikavuta maji mengine juu. Wingu la karboniki likamwagika kufuata mabonde, hadi kilomita zipatazo 25. Karboniki ni nzito kuliko hewa, inakaa chini, inasukuma oksijeni pembeni. Watu zaidi ya 1,700 walikufa, wengi wakiwa usingizini, pamoja na maelfu ya ng'ombe. Miaka miwili mbele, tarehe 15 Agosti 1984, ziwa Monoun mu inchi ile ile lilikuwa limeua watu 37 kwa namna hiyo hiyo.

Asubuhi yake ziwa Nyos, ambalo lilikuwa la bluu, lilikuwa limegeuka jekundu. Watu wakasema ni damu. Kumbe ni chuma. Maji ya ardhi yalikuwa yameleta pia chuma kilichoyeyuka, kikakaa chini bila oksijeni na bila rangi. Kilipofika juu na kukutana na hewa, kikashika kutu, sawa msumari ulioachwa mu mvua. Rangi ile ilikuwa alama ya kwamba maji ya chini yamekuja juu.

Tangu mwaka wa 2001 kuna bomba ndani ya ziwa Nyos linalofika karibu na chini kabisa. Maji yalivutwa mara ya kwanza kwa pampu, kiisha gazi yenyewe ikawa inayasukuma, yakiruka juu sawa chemchem kubwa. Gazi inatoka kidogo kidogo na inapotea hewani bila kuumiza mutu. Mu 2011 mabomba mengine mawili yaliongezwa. Lakini chemchem ya chini haikufungwa, na hakuna mutu anayeweza kuifunga. Kwa hiyo mabomba hayakuwekwa kwa siku moja. Yanatakiwa kulindwa, kwa sababu maji ya ardhi yanaendelea na kazi yake.

Kivu: ziwa kubwa, sheria ile ile

Ziwa Kivu si ziwa la kreta. Ni ziwa la bonde kubwa la ufa, lililozibwa na volkano za Virunga. Zamani maji yake yalielekea kaskazini, upande wa Edouard. Volkano ziliporundika majiwe yao, njia ikafungwa, maji yakapanda, mwisho yakapata mulango ku kusini, pale Bukavu, ambako muto Ruzizi unaanza. Lakini sheria ya maji ya chini ni ile ile, kwa kipimo kikubwa zaidi.

Ile mvua inayozama mu majiwe ya upande wa Goma haipotei. Sehemu yake inatokea ndani ya ziwa. Watafiti waliopima joto na chumvi kutoka juu hadi chini wamekuta alama za aina mbili za chemchem. Zile za chini zaidi zinaleta maji ya moto kiasi, yenye chumvi na karboniki nyingi. Zile za juu yake zinaleta maji ya baridi zaidi na yenye chumvi kidogo. Kati ya maji hayo ya aina mbili, ku mita zipatazo 250, kuna mupaka mkubwa ndani ya ziwa, ambao maji yanauvuka kwa shida sana.

Ajabu ni kwamba maji ya chini ya ziwa Kivu ni ya moto kuliko yale ya katikati. Kwa kawaida maji ya moto yanapanda. Hapa chumvi na karboniki zinayafanya mazito, na uzito huo unayashikilia kule chini kwa mamia ya miaka. Ndiyo maana gazi imerundikana: kilomita za kubi zipatazo 300 za karboniki na 60 za metani, kama zote zingetolewa juu na kupimwa hewani. Metani inatengenezwa na vijidudu vinavyoishi chini bila oksijeni, vikitumia karboniki na mabaki yanayoshuka kutoka juu. Sambaza hazijui habari hizo. Zinaishi mu maji ya juu tu, kwa sababu chini ya mita 60 au 70 hakuna oksijeni ya kupumua.

Ku ghuba la Kabuno, upande wa kaskazini-magharibi karibu na Sake na Minova, hali ni ya kuangaliwa zaidi. Ghuba hilo limetengwa na ziwa kubwa kwa kizingiti cha chini ya maji chenye kina cha mita zipatazo 10 tu. Chemchem za ndani zinaleta chumvi, karboniki na chuma. Matokeo yake, maji yenye gazi yanaanza karibu sana na juu, ku mita 11 au 12, wakati mu ziwa kubwa gazi nyingi iko mbali chini.

Je, ziwa linaweza kulipuka?

Mu Mei 2021, baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22, matetemeko yalifuatana na wataalamu waliona kwamba magma imesogea chini ya muji wa Goma hadi chini ya ziwa. Tarehe 27 serikali ya jimbo iliamuru sehemu kubwa ya muji kuhama. Watu walibeba watoto na magodoro, wakaenda Sake, Minova, Bukavu na Rwanda. Hofu moja ilikuwa hiyo: kwamba moto wa chini utafungua kifuniko cha ziwa.

Ziwa halikufunguka. Hata mu Januari 2002, lava ya Nyiragongo iliingia ziwani mbele ya macho ya watu, na matabaka ya chini hayakutikisika. Sababu ni ule uzito wa maji. Kwa vipimo vilivyofanywa, pale gazi imekaribia zaidi kiasi ambacho maji hayawezi tena kushika, imefika nusu hivi ya kiasi hicho. Kuna nafasi bado. Lakini nafasi hiyo si ya milele, kwa sababu chemchem zinaendelea kuleta. Hatari inajengwa polepole, na kupima mara kwa mara kunaweza kuiona ikija. Ndiyo faida ya kazi ya kituo cha volkano cha Goma, OVG, na wenzao wa Rwanda: kushusha vyombo, kupima joto, chumvi na gazi, na kulinganisha mwaka kwa mwaka.

Kutoa metani ili kufanya umeme, sawa kiwanda cha KivuWatt kinavyofanya ku Karongi, Rwanda, tangu 2016, kunaweza kupunguza gazi. Sharti ni moja: maji yanayorudishwa yasivunje matabaka. Mipaka iliyojengwa na chemchem kwa karne nyingi ndiyo kifuniko chetu sote, wa Goma na wa Gisenyi.

Mambo ya kushika nyumbani

Maji ya volkano kuwa meupe si ushuhuda kwamba ni mazuri. Fluori haionekani wala haina harufu. Shirika la afya la ulimwengu, OMS, linaweka kipimo cha miligramu 1.5 kwa litre moja. Kuzunguka Nyiragongo na Nyamulagira kuna maji yanayopita kipimo hicho, na watoto wanaoyanywa kwa miaka mingi wanaota meno yenye madoa ya kahawia. Kuchemsha kunaua vijidudu, na klori pia, lakini hakuna kati yao inayoondoa fluori. Kuchemsha sana kunapunguza maji na kuacha fluori pale pale. Pale ambapo kuna robine ya maji yaliyopimwa, yafaa yale ya kunywa ya watoto yatoke huko.

Mazuku ni karboniki ya ardhi ile ile, ila yenyewe inatokea mu nchi kavu, mu mashimo na mabonde madogo. Inakusanyika zaidi usiku na asubuhi mapema, wakati upepo umetulia. Mtoto na mbuzi wanaanguka mbele ya mtu muzima kwa sababu vichwa vyao viko chini. Ukimuona mutu ameanguka ndani ya shimo, usishuke kumfuata. Wengi wamekufa wawili wawili kwa sababu ya huruma hiyo. Ita watu, tumia kamba, mvute kutoka juu.

Samaki wakifa kwa wingi, maji yakigeuka rangi ya kutu, au mapofu yakitoka mahali ambapo hayakuwa yanatoka, mupashe shefu wa kartie, protection civile au OVG, mukisema mahali na saa. Mara nyingi sababu ni ndogo: mu kiangazi upepo unachanganya maji ya juu, na oksijeni inapungua. Lakini muvuvi aliye juu ya maji kila usiku anaweza kuona badiliko mbele ya chombo chochote, na habari yake ina kazi pale inapofika mapema.

Na mutu wa Uvira asiseme mambo haya ni ya Goma peke yake. Chumvi ambayo chemchem za chini zinaleta mu Kivu inatoka na Ruzizi, inateremka, na inaingia mu Tanganyika. Sehemu kubwa ya chumvi inayoingizwa na mito mu ziwa lile inatoka huku juu, mu majiwe ya Virunga, ambako mvua ilizama bila mutu kuiona.